Baraza Halimo

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mpwa wangu Nimo,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini kwamba u mzima, kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia, na kwamba mkeo amepona jino. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Goti langu la kushoto sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Mkaza mjomba wako ameanza kuvaa miwani, na tangu siku hiyo ameona katika nyumba hii vumbi ambalo tulikuwa tumeishi nalo kwa amani miaka yote.

Mama yako alitutembelea juzi. Alikula, akalala, akaondoka na mwavuli wangu. Mwambie aurudishe, kwa maana mimi nikimpigia husingizia kwamba simu yake imeharibika.

Hizo ndizo salamu, nazo zimekwisha. Sasa keti, maana nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Mwaka jana ulinipigia simu kutoka huko katika ofisi yenu ya kuandika sheria, ukasema kwa furaha, "Mjomba, kile kifungu cha mahali palipokatazwa bastola za kufichwa nimekiandika mimi, kwa kalamu yangu!" Nilijivuna kama jogoo. Nilimweleza jirani, nikamweleza fundi saa, nikamweleza hata kinyozi, ambaye hakuwa ameniuliza. Sikuomba unisomee. Nilidhani mtoto niliyemfundisha sarufi kwenye meza yangu ya kulia chakula hahitaji kusahihishwa.

Dada yako, binti yangu, bado ni muuguzi wa chanjo katika zahanati ya mtaa. Unalijua baraza lile la mbele: paa la mabati, mabenchi mawili marefu, ukuta uliochubuliwa rangi na migongo ya wanaosubiri. Hakuna mtoto wa mtaa huu ambaye hakulilia pale kabla ya kuingia kulilia ndani.

Humjui Kibindo, kwa kuwa alihamia baada yako. Ni muuza saruji wa njia panda. Jina hilo amepewa na watu kwa sababu, tangu alipopata kibali cha bastola, mkono wake wa kulia hauachi kupapasa kiuno, kama mtu anayehofia kwamba suruali itamvuka. Sina ugomvi na kibali chake. Mtu anayefunga duka gizani na mauzo ya siku mfukoni ana haki ya kuogopa. Lakini mwenye panga mkononi namwona, nami navuka barabara. Mwenye bastola ndani ya shati ananinyima hata nafasi ya kuogopa. Ndiyo maana nchi huweka mahali ambapo mtu kama huyo hatakiwi kufika nayo. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa wewe.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya chanjo. Kibindo alimleta mjukuu wake, wakaketi barazani pamoja na akina mama wengine. Mtoto akaangusha kiatu. Babu akainama kukiokota, shati likapanda, na bastola ikachomoka ikaanguka sakafuni. Ilizunguka juu ya saruji, ikasimama miguuni pa mama aliyekuwa akinyonyesha.

Haikufyatuka. Namshukuru Mungu, wala simshukuru Kibindo.

Baraza lilitawanyika kwa mayowe. Mke wa fundi cherehani alijikwaa kwenye benchi, akauangukia mkono ili asimwangukie mtoto. Mtoto hana hata mkwaruzo. Mama amevunjika kifundo cha mkono, na siku hizi ananyonyesha huku mama mkwe akimshikia mtoto.

Dada yako alitoka na beseni la pamba mikononi. Alimwaga pamba, akaifunika bastola kwa beseni, kisha akalikalia beseni.

"Inuka, binti," Kibindo alimwambia. "Hiyo ni yangu."

"Yako ipi? Hapa naona beseni la zahanati, na juu ya beseni nipo mimi."

"Ina kibali! Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Nyoka yuko wapi, baba? Hapa kuna watoto wa chanjo."

"Nyoka amekuja naye mwenyewe, kiunoni!" mama mmoja alipiga kelele kutoka nyuma ya lango, na wengine walicheka.

Hapo ndipo Kibindo aliposema neno ambalo limeninyima usingizi. Alisema, "Tena mimi sikuificha. Niliisitiri tu, nisiwatishe watu." Kusitiri, Nimo! Neno la nguo na heshima ya mtu, leo linavishwa bastola.

Askari walifika, dada yako akainuka, sajini akasoma kanuni, kisha akamrudishia Kibindo bastola yake hapohapo, mbele ya mwanamke aliyekuwa akifungwa mkono.

Kesho yake nilivaa koti langu la mikutano nikaenda kituoni. Sajini alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanifungulia kanuni kwenye ukurasa wako. Imeandikwa hivi: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuwa na silaha iliyofichwa zahanatini humo."

"Mwalimu," aliniuliza kwa adabu, "wewe ndiye uliyetufundisha. Humo ni wapi?"

"Humo ni ndani," nilimjibu.

"Baraza limo?"

Nilitazama dari, nikatazama viatu vyangu. Ningeweza kubabaisha, lakini mdomo huu haujapata kusema uongo wa sarufi.

"Halimo," nilisema.

Sajini alifunga kitabu polepole, kama mtu anayefunika maiti. "Basi mzee wangu, hata mimi sina la kufanya. Tunafuata kilichoandikwa."

Mkasa haukuishia hapo. Kibindo amepeleka mashtaka kwa kamati ya zahanati, eti muuguzi alizuia mali halali ya mtu na kumfedhehesha hadharani. Dada yako ametakiwa kufika Jumatano. Ameambiwa achague mojawapo: aombe radhi kwa maandishi au aondolewe kwenye dirisha la chanjo. Na unajua shahidi mkubwa wa Kibindo ni nani? Ni mimi. Anazunguka mtaani akisema, "Hata baba yake, mwalimu wa sarufi, amekiri kwamba baraza halimo!" Fundi saa ameniuliza kama ni kweli. Nimemwambia ni kweli, nikamwomba anipishe.

Nimo, mimi nimezeeka katika lugha hii. Lugha nyingine humaliza habari ya mahali kwa neno moja. Sisi tumepewa matatu, na hatukupewa ili tupambie hotuba. Pa- ni pale panapojulikana. Ku- ni kule kote, pamoja na kando zake. M- ni mle ndani tu. Mtoto wa darasa la nne huyajua hayo. Wewe uliyajua kabla ya darasa la kwanza. Umesahau jina lako ulilipataje? Tulikuwa tukicheza mchezo wa kujificha, nikauliza makusudi kwa sauti kubwa, "Jamani, mtoto huyu yupo kweli?" nawe ukaitika kutoka kabatini, "Nimo!" Ulishindwa mchezo, ukashinda sarufi. Nilicheka hadi nikakaa chini, na tangu siku ile hakuna aliyekuita kwa jina lingine.

Sasa mtoto yule wa kabatini amekua, amepewa kalamu ya nchi, na alipotakiwa kuwazungushia akina mama uzio ameandika "humo", akawaacha nje ya uzio wote waketio barazani, wasimamao uani na wapangao foleni langoni. Yaani amelilinda kabati la dawa na kuwaacha wagonjwa.

Usiniambie kwamba mtu yeyote mwenye akili angeelewa ulichokusudia. Mwenye akili hahitaji kuandikiwa sheria ya kutopeleka bastola kwenye chanjo. Sheria huandikwa kwa ajili ya Kibindo, na Kibindo husoma herufi kwa herufi.

Wala usiniambie kwamba shuleni na katika nyumba za ibada ni hivyohivyo. Najua ni hivyohivyo. Nimesoma ukurasa mzima. "Shuleni humo." Basi uwanja ambako watoto hucheza ni wa nani?

Sikiliza linaloendelea sasa. Ijumaa nilimpelekea dada yako chakula chake cha mchana. Barazani hapakuwa na mtu ila Kibindo, ameketi peke yake katikati ya benchi, mguu juu ya mguu, mkono kiunoni, ili kila mtu aone kwamba haki yake anayo. Akina mama wote walikuwa ndani, katika ule ujia mwembamba wa mbele ya dirisha la chanjo. Wamesimama wamebanana, watoto mabegani, jasho linawatiririka, mmoja ameegemeza mgongo kwenye mlango wa choo. Niliuliza kwa nini hawakai barazani penye upepo. Mke wa fundi cherehani, mkono ukiwa bado shingoni, alinijibu, "Mwalimu, si ndimo humu sheria ilimo?"

Sikuwa na la kumsahihisha. Alikuwa amesema sawasawa.

Kwa hiyo nakuagiza, wala sikuombi. Kwanza, ufike kwa mkubwa wako ukamwambie kwamba herufi moja irekebishwe: itolewe M, iwekwe K. Isomeke "huko". Na kwa kuwa najua wanasheria hawaridhiki na herufi moja, ongezeni "kuanzia langoni", ili hata anayesitiri asipate pa kusimama. Pili, kabla ya Jumatano uiandikie kamati, kwa jina lako na cheo chako, ueleze kwamba ulipoandika ulikusudia kuwalinda wanaosubiri, na kwamba kosa ni la kalamu yako, si la muuguzi. Najua utaona aibu mbele ya wakubwa wako. Aibu haina risasi.

Dada yako hajui kwamba nakuandikia. Amekataa kuomba radhi, na usiku hukaa mezani akinoa penseli ambazo hana haja nazo. Nilipomuuliza kama ana hofu, alisema tu kwamba hilo beseni atalikalia tena. Mkaza mjomba wako, ambaye hajasoma sarufi, anasema mngeandika tu, "Bastola ibaki nyumbani kwa mwenyewe, ilale." Nimeitafutia kosa sentensi hiyo siku mbili. Sijalipata.

Nisalimie mkeo, na pacha wote wawili, yule mwenye kelele na yule anayemchokoza. Mama yako msalimie pia, baada ya habari ya mwavuli. Jirani wa matofali anakusalimu, na bado anauliza kama unakumbuka kioo cha dirisha lake. Mungu akulinde utokapo na uingiapo, akupe kalamu nyoofu na moyo wa kuinyoosha inapopinda.

Ulipokuwa mtoto nilikuwa nikikupa maneno matatu uyatungie sentensi. Leo nimekutungia mimi, uyasome hadi uyaelewe: mimi nipo, wewe uko, dada yako yumo.

Ni mimi mjomba wako, anayekupenda hata kwa wino mwekundu,

Mwalimu.