Baba, Nilikutafsiri Vibaya

Baba yangu, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini nisipokuamkia kwanza nitakuwa nimekukosea adabu, na makosa niliyonayo kwako yanatosha. Barua hii nimeianza mara nne. Mara mbili niliiacha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Leo nimejiambia sinyanyuki hapa mpaka niimalize.

Unazikumbuka Jumapili zetu pale jikoni Upplands Väsby? Mama yuko kanisani na kwaya yake, wewe unamenya viazi, mimi nimeshika kalamu. Ujanani ulikaa Chekoslovakia miaka sita ukisomea utengenezaji wa ngozi, na jioni ukawa unawafundisha Kiingereza wanafunzi wenzako wa kule. Tangu hapo hukupona: kila kitenzi cha Kiingereza ulichokutana nacho, lazima ujue kwa Kicheki kinasemwaje. Wenzangu walifundishwa na baba zao kuendesha baiskeli. Mimi nilifundishwa kwamba "look for" ni hledat, "look after" ni starat se, na "look forward to" ni těšit se. Kitenzi kimoja kwa Waingereza, vitatu kwa Wacheki, na havifanani hata herufi. Nikikujibu kwa Kiswidi ulijifanya kiziwi mpaka nirudi kwenye Kiswahili.

Siku moja ndege iliyotoka uwanja wa Arlanda ilipita juu ya paa, ukaniuliza imefanya nini. Nikakumbuka "take off", nikasema kwa kujiamini: svléknout. Uliweka kisu chini ukacheka mpaka ukatafuta kiti, maana nilikuwa nimesema ndege imevua nguo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikanuna. Lakini sikuacha kuja mezani. Nilipofika miaka ishirini nilikuwa nakisikia Kicheki vizuri kiasi cha kujivuna, na hicho ndicho kilichoniponza.

Majira ya baridi yaliyopita kiharusi kilikuangusha bafuni. Hospitalini, ulipofumbua macho, Kiswidi chote kilikuwa kimeondoka. Kiswahili kilibaki vipande: maji, hapana, jina la Mama. Kilichokutoka mdomoni zaidi ni Kicheki. Daktari alituambia hutokea, mtu akazipoteza lugha anazozitumia kila siku, ikabaki ile aliyoiacha zamani. Akasema atatafuta mkalimani wa Kicheki kwa simu. Nikamwambia hakuna haja, mimi nakijua. Mama alikuwa amekaa pembeni na mkoba wake magotini, akanitazama.

Dada mmoja wa mazoezi ya viungo alikuwa akija kila asubuhi. Anakukalisha, anakupa kigari cha kushikilia, anajaribu kukusimamisha. Siku ya nne jasho lilikulowesha shingo, mdomo umepinda upande, ukawa unarudia neno moja. Niliinama nikasikiliza. Nikasikia vzdát. Hilo, Baba, ni "give up". Kukata tamaa, kuachana nalo.

Nikamgeukia yule dada nikamwambia kwa Kiswidi kwamba umechoka, unaomba waache. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Akakulaza taratibu, akaandika kwenye karatasi zake kwamba mgonjwa hataki mazoezi kwa sasa.

Ukalisema tena, ukapiga godoro kwa mkono mzima, ule usiopooza. Nami nikaushika mkono ule, nikaubusu, nikakwambia, "Sawa, Baba. Wameacha." Ulinitazama. Nikadhani unanishukuru.

Siku tisa baadaye mapafu yalijaa maji, ukatutoka.

Sauti yako nilikuwa nimeirekodi kwenye simu asubuhi ile, kwa kuogopa tu kwamba nitaikosa. Miezi mingi sikuweza kuisikiliza. Halafu hapo kliniki ya meno Spånga, ninakofanya kazi mapokezi, akaja mama mmoja mtu mzima, akawa anaongea na simu akisubiri zamu yake. Nikasikia Kicheki. Alipokata simu nilimwamkia kwa lugha yake, akafurahi, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamweleza habari zako. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwomba anisikilizie kitu.

Alisikiliza mara mbili, kidole kimoja sikioni. Kisha akasema kwa Kiswidi, polepole, kama mtu anayesomea mtoto: "Anasema vstát. Anataka kuinuka."

Nikamwambia nilisikia vzdát. Akatikisa kichwa. Akaniambia ulimi ukiwa mzito maneno hayo yanakaribiana, anaelewa jinsi nilivyokosea, lakini hapa ni vstát, mara zote. "Get up", Baba. Ulikuwa unaomba kuinuliwa, mimi nikaagiza ulazwe.

Tangu siku hiyo siwezi kukaa. Napanda treni nashuka kituo cha kabla ya changu, natembea. Nilimpigia daktari, akanieleza kwa upole kwamba mazoezi yasingezuia kilichotokea mapafuni. Huenda ni kweli. Lakini sicho nilichomuuliza. Nilimuuliza kama ulijua kwamba ni mimi niliyekuzuia.

Mwezi mzima nilimficha Mama jambo hili. Nilitoka Norsborg, ninakokaa siku hizi, kila Jumamosi nikaenda kula kwake, nikasifu mchuzi, nikarudi. Jumamosi iliyopita nikashindwa. Sahani ilikuwa mbele yangu, nikamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la yule mama wa Kicheki.

Hakulia. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Kisha akaniambia kwamba siku mbili baada ya mimi kuwaambia waache, nikiwa kazini, alikukuta umelisukuma blanketi lote kwa mguu mzima, lipo sakafuni. Akalirudisha, ukalisukuma tena. Akaenda kumwita muuguzi wa zamu, Mkongo mmoja wa Bukavu aliyekuwa akimsalimia kwa Kiswahili chao, wakakushika huku na huku wakakuinua. Ulitembea mpaka dirishani. Huko nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Ulimtazama mpaka alipomaliza. Wakati wa kurudi suruali ya hospitali ikateremka, ukacheka, na Mama naye akacheka, na muuguzi ikabidi akuegemeze ukutani kwanza.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulishasema hataki," akanijibu. "Wewe ndiye uliyekuwa unajua Kicheki."

Hakulisema kwa ukali. Afadhali angelisema kwa ukali.

Nilikasirika, Baba, nakiri. Nikataka kuuliza alikuwa tayari kunyamaza na hilo mpaka lini. Halafu furaha ikaniingia katikati ya hasira, kwamba ulisimama, kwamba nilichokuzuia mimi, Mama alikupa. Na nyuma ya furaha, wivu, kwa sababu sikuwepo. Vyote vitatu havijapangana bado. Ninapokuandikia, kila kimoja kinataka kiwe cha kwanza.

Nilimwomba Mama aniambie tena ulivyotembea. Akaona maneno hayatoshi. Akainuka, akanivuta mkono akauzungusha shingoni mwake, akanishika kiunoni, akaniambia nimwegemee kweli, nisimhurumie. Tukatoka mezani hivyo, hatua ndogondogo, mguu wangu mmoja nikiuburuta kama alivyonielekeza. Kwenye friji akasimama apumue. Akasema wewe ulikuwa mzito kuliko mimi. Kisha tukaendelea.

Kwaheri, Baba. Hata nikitulia siku moja, usidhani nimesahau.

Ni mimi, binti yako,
Rehema