Ndoo ya Barafu ya Enok

Ilulissat, Greenland
Agosti 1986

Dada yangu Severine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na salamu za pekee kwa hilo tumbo lako. Miguu imeacha kuvimba? Shemeji Lars hajambo? Sisi tunapumua. Mama anaendelea na goti lake, mbwa wamezaa, na samaki wanakauka vizuri mwaka huu. Kabla hujaendelea, tafadhali kaa kitini. Mama amenikataza kukupigia simu ya dukani, maana ile simu ina masikio mengi, na habari yenyewe si ya kusikia umesimama.

Barua yako ya Juni tuliisoma mezani. Ulisema mtoto ataitwa jina la bibi yake Lars, na kwamba mambo yetu ya kumpa mtoto jina la marehemu, ili marehemu arudi nyumbani, ni ya kizamani. Mama aliondoa vikombe. Mdogo wetu Enok ndiye aliyecheka. Alisema tusikugombeze, kwani Baba alishapata wa kuitwa jina lake, na kwa sasa hatuna marehemu mwingine anayetafuta jina.

Unajua kiangazi hiki mimi na yeye tulikuwa kwenye boti ya mjomba Hendrik, tukiwatembeza wageni. Mimi kahawa, yeye kamba na mtumbwi. Siku hiyo bahari ilikuwa shwari kabisa. Nyangumi wawili walituonyesha mikia, sili walikuwa wamelala juu ya mapande ya barafu, na wageni walipiga picha mpaka wakaishiwa filamu. Tulipofika kwenye milima ya barafu iliyomeguka kutoka nchi kavu ikaelea baharini, mjomba alizima injini. Sisi wenyeji tukanyamaza, maana mbele ya mlima wa barafu hatupigi kelele. Wageni hawakunyamaza.

Wanapenda kutiliwa barafu ya kale kwenye glasi, waisikie ikipasuka-pasuka ndani ya kinywaji. Enok alishuka na mtumbwi, akaokota vipande vilivyoelea mbali, akarudi na ndoo imejaa. Walimpigia makofi. Kisha mzee mmoja wa Kijerumani akaomba kipande cha buluu, kile pale, chini ya mlima wenyewe. Mjomba akamwambia Enok kwa lugha yetu, “Ya ndoo inatosha. Achana nao.”

Enok alikuwa ameshakaa kwenye mtumbwi. Akajibu, “Wametoka mbali hawa, mjomba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Alikuwa amekishika kile kipande nilipoona shakwe wakiruka wote kwa pamoja kutoka mlimani. Marehemu Baba alitufundisha maana yake. Nilimwita, lakini naye alikuwa ameshawaona, kwa sababu alikiachia akashika makasia. Mlima ukapinduka. Mjomba alilazimika kuelekeza pua ya boti kwenye wimbi. Tulikuwa watu wengi ndani, Severine, na hakuweza kumfuata Enok. Wimbi lilipotulia tuliona barafu iliyosagika tu. Tulitafuta mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na kesho yake mji mzima ukatafuta. Tumepata kasia moja. Enok wetu, kitinda mimba wa Mama, amekufa, na hatuna cha kuzika.

Nina hasira, sikufichi. Nina hasira na mjomba, ambaye hakukosea. Nina hasira na yule mzee, aliyekuja nyumbani akalia mpaka tukampa kahawa kwa kukosa la kumfanyia. Nina hasira na wewe kwa kuwa mbali. Mama hajalitamka jina la Enok tangu siku hiyo, na unajua hatalitamka mpaka apatikane mtoto wa kuitwa hivyo.

Sasa nikwambie habari ya chupa uliyoikuta kwenye kifurushi kilichokuja na barua hii, ndani ya sweta ya Enok. Ile ndoo ilibaki kwenye boti, nikaibeba nyumbani bila kujua naipeleka wapi. Barafu ilipoyeyuka, Mama aliyachuja maji, akayachemsha, akayatia kwenye chupa na kunikabidhi. Alisema, “Mwambie dada yako, mwanangu yuko nje kwenye baridi, na mlango ulio wazi ni mmoja tu.”

Ni maji ya ubatizo. Mtoto awe wa kike au wa kiume, jina halichagui. Sikulazimishi, na Lars utamweleza unavyojua. Ila ukikataa, usiyamwage kwenye sinki la huko. Turudishie.

Mama anakusalimu. Mjomba naye anakusalimu, ingawa siku hizi haongei, nimemsemea. Nimeanza kufuma kofia ndogo. Mwanzoni mwa barua nililisalimu tumbo lako kama tumbo. Sasa tafadhali liwekee mkono, umwambie mdogo wetu kwamba buti zake bado ziko mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Bolatta