Mama Hakugeuka Darajani

Flemingdon Park, Toronto
14 Septemba 2025

Kwako kaka yangu Ildefonce,

Shikamoo kaka. Ni matumaini yangu kwamba karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba dawa ya presha unameza kila siku kama ulivyoagizwa, sio mpaka kichwa kikuume ndipo ukumbuke. Baridi ya Sumbawanga imepungua? Sisi huku hatujambo. Shadrack anakusalimu, yuko ofisi ileile ya bima na malalamiko yaleyale. Mpwa wako Abigael amerefuka hata ananipita. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na nimeshachoka kumgombeza. Mimi bado niko maabara pale hospitalini. Lifti ya jengo letu imeharibika tena, kwa hiyo mazoezi ya miguu tunayafanya bila kupenda.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kwenye sanduku la parokia, kama vile tumerudi zama za kale. Shadrack alinishauri nikurekodie tu ujumbe wa sauti nimalize. Nilikataa. Kwa sauti sikuwezi, kaka. Ningeanza kusema, ungeniita "kamdogo kangu," ningeanza kulia, na mambo yangeishia hapo kama yanavyoishia siku zote. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Hasira niliyonayo ni kubwa. Nakwambia mapema ili usije ukadhani hizi salamu zimeipoza.

Yote yameanza na Taa ya Ukungu. Huwezi kuisahau filamu ile, maana ndiyo iliyokupa jina mjini. Tulikuwa hatuna baba, mama ameondoka, na wewe kijana wa miaka kumi na saba unashika maiki kwenye banda la video la Mzee Telesfori, unawatafsiria watu filamu ambayo lugha yake wewe mwenyewe hukuijua vizuri. Mimi nilikuwa naingia bure, nakaa benchi la mbele, shingo imepinda. Majambazi uliwapa majina ya madiwani. Mlinzi wa lango, yule mnene anayekagua mizigo ya kila mtu, ulimwita Bwana Afya, banda zima likaangua kicheko. Lakini ikifika pale darajani hakuna aliyecheka. Yule mama steringi wa filamu anawaacha wanawe wawili, anaingia ukunguni na taa mkononi, na wewe kwenye spika, sauti imeshuka, unasema kwa niaba yake: "Msizime taa wanangu. Nikichelewa nimezuiwa, sio kwamba nimewasahau. Ninarudi." Niliwaona wanaume wazima, madereva wa malori, wanajifuta macho kwa kofia.

Na ndivyo ulivyoniambia nyumbani kuhusu mama yetu. Kwamba alivuka mpaka kwenda kuuza mchele Zambia, akazuiwa huko, na kwamba kabla ya kuondoka aliinama kitandani kwangu nikiwa nimelala akasema nisizime taa, anarudi. Nakumbuka tulivyogombana juu ya mafuta ya taa kwa sababu sikukubali koroboi izimwe. Mimi niliamini Mungu amenipenda sana akaniwekea maisha yangu ndani ya filamu. Filamu yenyewe sikuitazama tena ukubwani. Niliwahi kuifungua mara moja huku Toronto, nikasikia sauti za watu nisiowajua, nikaizima. Bila wewe haikuwa na ladha.

Sasa basi, nje ya jiji, ukishaipita Pickering, wamefungua bustani kubwa ya burudani, na ndani yake wamejenga mji mzima wa Taa ya Ukungu. Sisemi picha za ukutani. Ni mji, kaka. Kuna mitaa ya mawe, mto, maduka yanayouza mkate uleule mweusi wa kwenye filamu, na wafanyakazi wanaoshinda humo wakijifanya wenyeji. Ukimuuliza mmoja choo kiko wapi, anakujibu kama mtu aliyezaliwa kabla ya vyoo. Wapenzi wa filamu walikuwa wanabishana mitandaoni tangu kabla haujafunguliwa, kama utafanana au wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wengine walihesabu hata rangi za vigae. Mimi sikubishana na mtu. Shadrack aliponinunulia tiketi kwa siku yangu ya kuzaliwa, niliruka jikoni mpaka jirani wa chini akagonga dari lake.

Nikwambie ukweli, mji ule umefanana. Watu waliokuja kuusuta walikuwa wamesimama midomo wazi. Mzee mmoja alikuwa analia mbele ya kinu cha maji, mkewe anamshika mkono. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nahangaika. Nilimfuata mlinzi wa lango nikamsalimia kwa furaha, nikamwambia kwetu anaitwa Bwana Afya na ana maneno makali, akanitazama tu. Nikamtafuta yule mvuvi mlevi anayeimba Kifipa. Nikamtafuta bibi anayeuza mahindi ya kuchoma na kuwatukana wanajeshi. Hawapo. Abigael akaanza kucheka, akaniuliza hao watu nimewatoa wapi. Mimi nikamwambia hawa Wazungu wamefupisha. Nilikuwa hata nimeshaanza kutunga malalamiko ya kuwapelekea wenye bustani, wawe wanaheshimu hadithi za watu.

Kisha tukafika darajani. Watu wamejazana, ukungu baridi unapulizwa kutoka chini mpaka unasahau kuwa ni kiangazi. Akatokea mwigizaji aliyevaa kama yule mama, na taa yake, na watoto wawili nyuma. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba, nina mume na mtoto, na nilikuwa nimekaa tena kwenye benchi la mbele. Nikangoja ageuke. Hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja, na alipofika katikati, umati wote ukapaza sauti kwa pamoja, kwa furaha kama wako harusini: "Siangalii nyuma!" Kumbe ndiyo kauli yake maarufu, ya kwenye filamu ya pili. Imeandikwa kwenye fulana, kwenye vikombe, hata kwenye kofia za watoto wachanga. Nilikuwa nimeziona fulana zile tangu asubuhi, nikadhani ni mambo ya vijana tu.

Sijui nilipatwa na nini. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote, nikamwambia taa hatujaizima. Watu wakanigeukia, wakadhani nami ni mwigizaji, wakanipigia makofi. Mwanangu alijificha nyuma ya baba yake kwa aibu.

Njiani kurudi, Shadrack akiendesha gari, Abigael aliitafuta sehemu ile kwenye simu yake akaniwekea. Nikaitazama mara ya kwanza tangu utoto. Mwanamke ametupa mgongo, kaka. Uso wake hauonekani, hasemi neno, upepo tu unavuma. Ni mgongo na ukimya, na wewe uliujaza ukimya ule kwa maneno. Abigael akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba yule mama aliwakimbia watoto wale kwa hiari yake, kwamba katika filamu ya pili ana mume mwingine ng'ambo ya pili na watoto wengine, na kwamba wapenzi wake wanampenda kwa sababu hiyohiyo, alijichagua mwenyewe. Nilimsikia, lakini nilikuwa nafikiria jambo jingine. Kama maneno ya darajani uliyatunga wewe, basi yale ya kitandani kwangu yalitoka wapi?

Siku iliyofuata nilimpigia mama mdogo kule Mbeya. Nilimwuliza moja kwa moja kama mama alizuiwa mpakani. Akasema alijua siku hii itafika na alikuwa anaomba imkute ameshakufa. Akaniambia hapakuwa na mchele wala kuzuiwa mpakani. Mama alitoka alfajiri na mwanamume mwenye duka Kasama, hukohuko Zambia, akaolewa naye. Yule mume alipofariki, mama alirudi upande wetu wa mpaka, na yuko hai, anaishi Tunduma kwa miaka mingi sasa. Na wewe unakwenda kumwona kila Krismasi.

Niliposikia hapo nilikaa chini sakafuni. Kila Krismasi, kaka! Mimi huku nawasha mshumaa kanisani kumwombea mama asiyejulikana alipo, watu wa jumuiya wananipa pole, na wewe unakula naye pilau. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika mpaka Canada.

Nilichukua namba yake, nikampigia. Nilikuwa nimejiandaa maisha yangu yote kwa simu ile. Nilijua atakavyolia, nilijua atakavyosema, maana ulikuwa umeshanifundisha. Kumbe ni mwanamke wa kawaida tu mwenye kifua kibovu, nyuma yake redio inapiga matangazo. Nilimngoja alie, hakulia. Aliniuliza kama huku ni baridi. Aliniuliza kama presha yako imeshuka. Nilipomwuliza kwa nini aliondoka, alijibu kwamba alikuwa hawezi tena maisha yale, na kwamba alitoka gizani makusudi nisiamke, kwa kuwa ningeamka asingeweza kuondoka. Hakuomba msamaha. Hakuinama kitandani, hakusema habari za taa. Nilimchukia, kaka, na nilijichukia kwa kumchukia, kwa kuwa kosa lake jingine kubwa lilikuwa kutofanana na sauti yako.

Hayo yote ningekusamehe. Ulikuwa kijana mdogo, ulikuwa na mtoto wa kulea, ulinilisha na kunisomesha kwa maiki ile, sikatai na sitakataa. Mtoto analia, unampa uongo wa kumlaza. Nami ni mzazi, nimeshamdanganya Abigael juu ya mengi.

Lakini sikiliza aliloniambia mama tulipokaribia kuagana. Alisema anashukuru kwamba hatimaye nimekubali kuzungumza naye. Nikamwuliza nimekubali vipi. Ndipo akanieleza kwamba tangu aliporudi Tunduma alikutuma kwangu mara nyingi, na kila mara ulimrudishia jibu langu: kwamba nimesema yeye sio mama yangu, kwamba nikisikia jina lake natema mate, kwamba asithubutu kufika kwenye harusi yangu. Alikuwa ameshashona gauni la harusi hiyo. Alibaki nalo. Maneno yangu aliyajua kwa moyo, akanisomea moja moja, kwa heshima, bila lawama, kama mtu anayekubali kwamba alistahili. Nami nikawa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Yalikuwa mazuri, kaka. Makali na mazuri. Hakuna mwingine duniani anayeweza kutunga hivyo.

Hasira zilizokuwa ndani ya maneno yale zilikuwa za kwako. Ulikuwa na haki nazo. Yeye alikuacha wewe pia, tena akakuachia mzigo. Kwa nini hukumwambia kwa kinywa chako kwamba unamchukia? Kwa nini ulikula pilau yake ukanitumia mimi kumtukana? Kwangu ulimfanya mtakatifu, kwake ukanifanya nyoka, na wewe katikati ukabaki mtoto mwema mwenye kuzunguka na zawadi. Nilikuwa na mama, Ildefonce. Alikuwa pale Tunduma, anaugua kifua, na mimi napima damu za mama za watu.

Nilimwambia kwamba maneno yale sikuyasema. Hakuniamini mara moja. Alisema Ilde hawezi kumdanganya.

Krismasi hii nakuja. Tiketi nimeshakata, na Abigael nakuja naye. Mama nimemwomba aje Sumbawanga na amekubali, kwa hiyo mwambie wifi atutengee chumba kimoja, tutalala wote watatu. Najua tutakaa mezani tutazamane kama wageni. Najua atasema jambo litakaloniumiza, nami nitajibu vibaya, na Abigael atauliza kwa Kiingereza bibi amesema nini. Utatamani kuingilia kati, maana hiyo ndiyo tabia yako. Nakuomba, kaka, unyamaze. Akinitukana, tusi lake linifikie lilivyo. Asiponipenda, nimwone mwenyewe asivyonipenda.

Wasalimie watoto wote, na wifi mwambie vitenge vilifika na vimenikaa vizuri. Msalimie na Mzee Telesfori kama bado yuko hai. Hapo sina budi kukuamini wewe. Mungu akulinde, na dawa umeze.

Ni mimi mdogo wako,

Domina