Baba na Samaki wa Foili

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha mikate,
Jumapili asubuhi, mwezi wa Mei.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu, pamoja na harufu ya mikate inayoingia dirishani ninapokuandikia. U hali gani? Mgongo wako unaendeleaje, na watoto wameizoea baridi ya huko? Sisi tu wazima, ingawa nyumba imekuwa kubwa mno tangu kaka yako atutoke.

Barua yako niliipata. Umeuliza kama Baba anakula, na umesema kama bado anakisukuma chakula pembeni, utakuja na tiketi yake umchukue akaishi kwako. Una haki, wewe ndiye mwanawe uliyebaki. Lakini nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikaenda kufagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Jana niliamka na ndoto bado ikinichuruzika mikononi kama maji. Kaka yako alikuwa amesimama uani, anapepea mkaa kwa kifuniko cha sufuria. Basi nikaenda sokoni nikanunua samaki.

Unamkumbuka yule samaki wake wa Kimeksiko, ambaye alifundishwa kumpika na mpishi mwenzake pale hotelini. Nilimchanja ubavuni, nikampaka vitunguu saumu, jira, ndimu na pilipili kavu iliyolowekwa ikasagwa, nikamfunika kwa nyanya na majani ya giligilani. Kisha karatasi ya foili, ikunjwe vizuri mvuke usitoke, na juu ya mkaa. Kaka yako alikuwa akiinama kuisikiliza. Alisema foili ikivimba na kuanza kunong'ona, samaki yuko tayari. Nami niliinama, moshi ukanizunguka, na kwa kitambo sikujua ni mwaka gani.

Mvinyo nilichukua mweupe, wa baridi, wenye utamu kidogo. Yeye alisema mwekundu hugombana na samaki, na ule mkavu sana, usio na utamu, huichochea pilipili.

Sasa sikia nilichofanya. Samaki wa Baba hufungwa peke yake, bila pilipili, kwa sababu ya tumbo lake, na foili yake huvutwa masikio mawili juu kama sungura ili asichanganywe. Mikono yangu ilikuwa kazini, akili bado iko ndotoni. Niliwapaka wote pilipili, na sikuvuta sikio hata moja.

Baba alifungua foili yake, mvuke ukamfunika uso. Akala pande la kwanza. Macho yakamjaa, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu. Niliruka kumwondolea sahani.

"Acha hapo," akasema, ameishika kwa mikono yote miwili. "Kumbe miaka yote mlikuwa mnakula kitu hiki, mimi mnanipa chakula cha wodini?"

"Ni tumbo lako, Baba. Mwanao ndiye aliyekataza."

"Mwongo yule. Aliniambia Wameksiko ndivyo wanavyokula, samaki kapoa kama mto wa kulalia."

Tukacheka, wifi. Halafu kicheko chake kikageuka, mabega yakaanza kutikisika. Unajua hakulia mazikoni, wala baadaye.

"Pilipili hii," akasema. "Pilipili kali sana, mwanangu."

"Ndiyo, Baba. Nimezidisha."

Nikammiminia mvinyo. Alilia huku anakula, mpaka ikabaki miiba na mchuzi, na mchuzi nao akaufuta kwa mkate. Jua lilikuwa likishuka ukutani polepole, na niliona kama tumekaa ndani ya glasi ile ya mvinyo, mimi na yeye, kila kitu cha manjano na hakuna wa kutuharakisha.

Sikufichi, tumbo lilimsumbua kidogo. Lakini leo ameamka mwenyewe, akagonga meza kuuliza kama nyumba hii siku hizi haina uji.

Nilipoona hivyo nikamsomea barua yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwambie aje. Lakini aje na njaa, asije na tiketi yangu."

Nami naongeza la kwangu, kwa unyenyekevu: niachie, wifi. Niachie nimpikie.

Nisalimie baba watoto wako, na kifungua mimba wako Mrefu, na shangazi mshonaji akipita kwenu. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape usingizi mwema na ndoto za watu mnaowapenda.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
ninayeinuka sasa hivi kumtilia Baba bakuli la pili.