Kipimo Kisomwe Kizalendo

Dada yangu mpendwa,

Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu mu wazima. Mimi sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuchuchumaa mtoni kila asubuhi.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza mbona mahindi yenu yanakaukia shambani na mfereji hauna hata tone, wakati makubaliano ya nchi zetu mbili yako palepale. Nitakujibu, ila niache nianzie mbali kidogo.

Kazi yangu unaijua: nasoma kipimo cha mto hapa mpakani. Maji yakishuka chini ya mita mbili, sisi wa juu tunafunga mifereji yetu siku kumi ili ninyi wa chini mpate. Tulikuwa wawili, mimi na mzee wa upande wenu niliyembatiza Subiri, maana kila nikitaka kusoma aliniambia subiri, wimbi litulie. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akaandika. Hakuna aliyeandika alichosoma mwenyewe. Alinitania kwamba watu wa juu tunaoga mara mbili, ndiyo maana mto umechoka.

Mapigano ya nchi zetu yalipoanza, Subiri aliitwa kwao. Nikabaki nasoma na kuandika peke yangu, na bado nataja namba kwa sauti kama mwehu. Ndipo mkuu wa kituo akaniita ofisini. Hakuniambia nidanganye, hapana. Alifunga dirisha, akasema siku hizi kipimo kisomwe kizalendo. Nikamwuliza namba na uzalendo vinakutana wapi. Akacheka, akasema mimi ni mtu mzima.

Dada, maji yalikuwa mita moja na sentimita themanini. Nikataja hivyo kwa sauti, kisha nikaandika mita mbili na sentimita tano. Nimefanya hivyo siku arobaini. Huku hakuna mfereji uliofungwa, na mahindi yenu nimeyakausha mimi. Niliogopa kufukuzwa kazi, basi. Naona aibu, tena sana.

Unasema shemeji akitutukana watu wa juu unamkatiza, unamwambia msomaji ni ndugu yako na hajui uongo. Usinitetee tena. Ndani ya bahasha kuna vipimo vya kweli vya siku zote arobaini, na sahihi yangu chini. Mpe shemeji avipeleke kwenye tume yenu ya maji. Yatakayonipata, yanipate.

Wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka. Leo asubuhi maji ni mita moja na sitini, na nimeandika hivyohivyo.

Ni mimi, mdogo wako.