Nilivunja Vigae vya Bafuni Ili Mume Wangu Avae Ovaroli

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mwenyewe nilicheka mwanzoni na sasa sina hamu.

Mimi ni daktari wa meno, nina kliniki yangu, na mume wangu nilimpata hapo hapo kliniki miaka minne iliyopita alipokuja kupachika vigae vya sakafu, yaani yeye fundi na mimi mwenye kazi, na wiki ya kwanza sikumjali hata kidogo, nilikuwa napita tu na kumwambia "Wewe, viatu!" na "Wewe, usiguse ukuta!" utadhani hana jina, mpaka asubuhi moja nikamkuta anang'oa safu nzima aliyoipanga jana yake, nikamuuliza mbona anaharibu kazi, akanijibu bila kuinua kichwa, "Daktari, pima maji inasema safu imelala sawa, lakini jicho langu linakataa," na mshauri, siku hiyo ndiyo niliyoitazama mikono yake, na mengine yote yakaanzia hapo.

Ndugu zangu walinuna, baba akasema amenisomesha bure, lakini nilishika msimamo tukaoana, kisha nikamfungulia duka la vigae ili asiendelee kupiga magoti kwenye nyumba za watu, na kweli akawa bosi, shati limenyooshwa, kiatu kinang'aa, anakaa nyuma ya kaunta, na hapo ndipo kitu kilipoanza kupoa ndani yangu, si kwamba simpendi, ila nikimtazama naona bwana mmoja mwenye adabu nyingi anayeniuliza nimeshindaje, na chumbani tukawa kama wageni waliopangiwa chumba kimoja kwa makosa.

Sasa mwaka huu nilidondosha jiwe la kusugulia miguu bafuni, kigae kikapasuka, naye akaitoa ovaroli yake ya zamani ya ufundi chini kabisa ya kabati, akapiga magoti, akaanza kupiga mluzi, akaniambia nishike ndoo na niache maswali, mimi ambaye kliniki nzima inasubiri niseme, na nikaishika ndoo, nikaona yule mwanamume niliyemng'ang'ania amerudi, na mimi ni mtu mzima na wewe ni mtu mzima, chakula cha mchana siku hiyo hakikulika.

Wiki tatu baadaye nilichukua mchi wa kinu nikavunja kigae cha pili. Na cha tatu nilikivunja mwezi uliofuata, nikasema labda nyumba inatitia, naye akavaa ovaroli, akatengeneza, tukafurahi.

Halafu tukaalikwa chakula na madaktari wenzangu, mmoja akauliza shemeji anafanya kazi gani, nami nikawahi kabla mume wangu hajafungua mdomo, nikasema ni mkandarasi wa majengo makubwa, yule akauliza, "Kampuni yako inaitwaje, shemeji?" na mume wangu akatabasamu akasema, "Muulize mke wangu, ndiye aliyeisajili sasa hivi," watu wote wakacheka wakidhani ni utani, tukarudi nyumbani salama.

Jumamosi iliyofuata nikavunja cha nne. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa, akanitazama, akanyanyuka akanawa mikono, akasema, "Nitakuitia fundi." Kesho yake akaja na fundi kweli, mzee wa watu, na mume wangu akasimama mlangoni na shati lake limenyooshwa, mikono nyuma, anamwambia, "Wewe, viatu! Wewe, usiguse ukuta!" Maneno yangu yale yale, mshauri, na sauti yangu ile ile. Mzee alipoondoka akaniambia, "Ulitaka fundi, nimekuletea." Amehamia chumba cha wageni, leo siku ya tisa, anasalimia na kula vizuri, na ameshamwomba kaka yake amtafutie chumba mwisho wa mwezi.

Nifanye nini? Kumwambia kuhusu mchi naona aibu, nafikiria niwaite wazazi wa pande zote mbili watukalishe chini, lakini linaloninyima raha ni hili, sijui kama nampenda mume wangu au napenda tu kuwa na mtu wa kunipigia magoti. Nisaidie, sitaki aondoke.

Mimi, Daktari wa Meno.

MSHAURI ANAJIBU

Daktari, nimecheka. Ulinikataza, lakini ulipofika kwenye mchi nilishindwa. Kisha nikaisoma barua mara ya pili na kicheko kikaniisha, kwa sababu nimemwona huyo mzee amesimama bafuni kwako na viatu mkononi.

Tuanze na mchi. Akija mgonjwa kwako na jino lililovunjwa kwa ngumi, akakwambia ameteleza bafuni, si unajua kabla hajamaliza kusema? Na mumeo kadhalika. Kigae kilichopigwa na kigae kilichopasuka chenyewe, fundi anavitofautisha amefumba macho. Kwa hiyo jitoe kwenye hiyo aibu ya kuficha, maana unamficha mtu aliyekwisha kuona. Alijua cha pili. Alijua na cha tatu.

Sasa nisikilize, mama. Alijua, na bado akaivaa ovaroli. Akapiga magoti akijua kwamba hakuna nyumba inayotitia, kuna mke anayemtaka mumewe na hana mdomo wa kusema. Wewe unadhani umemdanganya, kumbe alikuwa anacheza nawe, na mchezo wenyewe ulimpendeza. Mwanamume asiyekutaka hapigi mluzi.

Kilichomuudhi si kigae cha nne. Ni ile meza ya madaktari wenzako. Bafuni unamtaka fundi, mbele za watu unamtaka mkandarasi, na katikati hapo mwenyewe hana pa kukaa. Ulimwonea aibu, daktari, tena mbele yake, kwa kazi ile ile inayokutoa jasho. Ningekuwa mimi ningehamia chumba cha wageni siku ile ile.

Na hilo duka, ulimuuliza? Barua yako ndefu hivi, sijaona mahali ulipouliza. Ulimwondoa kwenye kazi aliyoimudu ukamweka kwenye kiti ulichokichagua wewe, halafu ukalalamika kwamba aliyekaa kitini si yeye. Hapo ulikuwa bado mwenye kazi, na yeye bado fundi uliyemwita.

Umeniuliza kama unampenda au unapenda kupigiwa magoti. Nakujibu waziwazi, unampenda. Kuisifu mikono ya mumeo si dhambi, na mtu akiwa kwenye kazi anayoijua hupendeza, ndiyo maana ulivutwa na jicho lililoikataa safu nzima, wala hukuvutwa na magoti. Uliposhika ndoo ulipenda kuamriwa, ukastarehe. Kasoro yako ni kwamba unataka hata huko kuamriwa kuanze kwa amri yako.

Na mumeo nina neno naye, msomee. Bwana, ulikosea. Mzee wa watu alikuja kutafuta riziki ukamfanya fimbo ya kumchapia mkeo. Wewe unajua vizuri kuliko sisi sote maneno yale yanavyochoma. Kamtafute umwombe radhi, na uende mwenyewe.

Wazazi waache huko huko waliko. Baba yako akiitwa atasema "nilikwambia", na utakuwa na kesi mbili. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo, kabla hujala, gonga mlango wa chumba cha wageni. Gonga, usiingie tu kwa kuwa nyumba ni yako. Sema mambo mawili: nilivunja vile vigae kwa sababu nilikutaka, na pale mezani nilikuonea aibu, nilikosea. Basi. Usianze "lakini", usianze "na wewe pia". Kisha nyamaza, hata akikaa kimya mpaka chakula kipoe.

Akizungumza, muulize anataka duka au anataka mwiko wake wa ufundi. Akisema mwiko, rudisha mwiko, atafute kazi zake na wateja wake, na arudi na vumbi lake. Akisema duka, duka liwe lake, usipite kukagua. Na wale madaktari wenzako waite nyumbani, lakini baada ya kumuuliza yeye kama anawataka, na akikubali, wakiuliza shemeji anafanya kazi gani, wewe tafuna chakula chako. Ana mdomo.

Najua utaogopa mkono ukifika mlangoni. Gonga hivyo hivyo. Mtu aliyekwisha kuondoka hakai siku tisa chumba cha pili akikuamkia kila asubuhi, huyo anasubiri kugongewa. Na akirudi chumbani kwenu, usimtolee ovaroli, usimtolee shati. Cha kuvaa achague mwenyewe. Cha kuvua mtaelewana.