Faini Niliyoishinda

Jumatano, 21 Mei

Mvua tangu alfajiri. Godoro moja tu limetoka dukani, la inchi nane. Gwamaka, fundi wangu, anamalizia sofa la yule mwalimu, kitambaa cha maua ambacho mimi nisingemkalishia hata paka. Chai ya pili mkononi, simu ikalia. Ujumbe. Gari langu linadaiwa ushuru wa pakingi wa tarehe 6, barabara ya soko, saa nne na robo asubuhi. Muda wa kulipa umepita, kwa hiyo na faini juu.

Tarehe 6! Siku hiyo tulikuwa Mpuguso tunamzika mama yake Gwamaka. Mjini sikukanyaga. Nilitoka nyumbani Bulyaga saa kumi na mbili na nusu, kirikuu, kigari changu cha mizigo, imejaa mikeka na masufuria ya kuazima msiba, nikarudi na giza. Hapo katikati nilikaa ndani na wanawake wenzangu mpaka miguu ikafa ganzi.

Faini yenyewe si ya kuuzia nyumba. Lakini babu yangu alipanda huku kutoka pwani na cherehani begani, akafa hadaiwi na mtu. Baba hivyo hivyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, hivyo hivyo. Mimi ndiyo nianze? Safari hii wamekutana na mwenyewe. Kesho naenda ofisini kwao.

Alhamisi, 22 Mei

Ofisi ya pakingi. Foleni hadi barazani. Msimamizi ni kijana mwenye koti la baridi lililofungwa mpaka kidevuni. Kanieleza utaratibu: andika barua ya pingamizi, ambatisha nakala ya kadi ya gari, lete uthibitisho wa mahali gari lilipokuwa, wenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji na saini za mashahidi. Siku saba. Zikipita, faini inabaki.

Nikataka kuona picha, maana wanapiga picha kwa ile mashine yao. Akafungua. Ukungu mtupu! Kitu cheupe, na namba inayosomeka nusu. Nikamuuliza, nusu ya namba ndiyo inanifanya mdaiwa? Foleni ikacheka. Nikanogewa, nakiri.

Akamwita aliyeandika. Anaitwa Tumpe. Binti wa miaka ishirini na kitu, kizibao cha njano, buti za mvua. Akasema namba aliiona kwa macho yake akaiandika. Gari analikumbuka: kirikuu nyeupe, turubai la bluu, dereva mwanaume mwenye koti jeusi. Alibana karatasi kwenye waipa, yule mwanaume akaichukua akaondoka nayo.

Mwanaume! Tangu nimzike mume wangu hakuna mwanaume aliyeshika usukani wa gari lile. Nikaapa. Wallahi vile. Nikamwambia mbele ya foleni nzima: wewe ni mwizi, unabuni magari ili mashine yako ijae. Akainamisha kichwa. Akasema tu, "Mama, lilikuwepo." Sauti ya chini. Nikaona hiyo ndiyo dalili ya uongo.

Jumamosi, 24 Mei

Mpuguso. Utelezi, nimeteremka gia ya kwanza tupu. Mwenyekiti wa kijiji nimemkuta kwenye migomba yake. Nikamwambia nataka barua kwamba tarehe 6 gari langu lilikuwa msibani kutwa. Kanitazama kidogo. Katabasamu. "Haina shida, mama." Kaandika pale pale, kagonga mhuri. Wanawake watatu niliokaa nao mkeka mmoja wameweka saini, mmoja kidole gumba. Wamesema kweli, sikuinuka. Wamenipa na mkungu wa ndizi. Asante juu ya asante, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka mlangoni mwa gari.

Nimerudi na roho nyeupe kabisa.

Jumatatu, 26 Mei

Barua nimepeleka. Nikataka nigongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Sichezewi.

Ijumaa, 30 Mei

Tumpe kaja dukani. Kasimama mlangoni na kizibao chake, amelowa, haingii. Nikamuuliza anataka godoro au anataka nini. Kasema ameambiwa ajieleze kwa maandishi. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu, na wa safari hii unaisha mwezi huu. Ukiisha na lawama hauongezwi. Nyumbani kwao ni Isongole, mama yake mgongo umemkataa, yeye ndiye mkono wa nyumba.

Hakulia, hakunisihi. Kauliza jambo moja. "Mama, siku ile ufunguo ulikuwa na nani?"

Nimemcharukia. Nimemwambia ufunguo wa gari langu unakaa kwenye pochi yangu, na pochi yangu inakaa kwapani mwangu, na yeye atoke. Katoka. Gwamaka kaweka nyundo chini, kanitazama, kaokota nyundo.

Jumatano, 4 Juni

Nimeshinda! Ujumbe umeingia saa tatu: pingamizi limekubaliwa, deni limefutwa. Alhamdulillahi. Nimepika pilau siku ya kazi, Gwamaka kala sahani mbili, macho chini. Nimempigia binti yangu Shani huko Dodoma, nikamsimulia yote, mpaka yule msimamizi na ukungu wake. Kacheka hadi simu ikakwaruza. Mama wewe hufai!

Jumanne, 10 Juni

Barabara ya soko leo ina mgeni kwenye kizibao cha njano. Kaka mrefu. Muuza parachichi kaniambia Tumpe hayupo tena, mkataba haukuongezwa. Kaniambia kwa furaha, kama ananipa hongera. Nikasema ndiyo hivyo, wajifunze.

Chakula cha mchana kimenishinda. Labda mafua.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Leo tumeanua matanga Mpuguso. Tumekula, mchungaji kaomba, kwaya imeimba. Kisha katibu wa kamati ya msiba kasimama na daftari kusoma shukrani, maana msiba haufungwi bila kutajwa kila aliyesaidia. Aliyetoa kuni. Aliyetoa ng'ombe. Walioteka maji. Mimi nimekaa nakunywa chai yangu, sina habari. Nikasikia: "Tunamshukuru sana Mama Shani wa mjini kwa gari lake. Siku ya maziko lilitufuatia msalaba na sukari, likarudi tena mjini kuwachukua wanakwaya. Bila gari lile tungezika usiku."

Makofi. Ndaga, mama, ndaga. Mwanamke wa kando yangu, yule wa kidole gumba, kanishika bega, kafurahi kama vile limetajwa jina lake. Yeye alikuwa ndani na mimi, hakujua. Upande wa wanaume shemeji yake Gwamaka kainuka, kaniinamia kwa heshima. Yeye ndiye aliyeendesha. Koti jeusi.

Nikatabasamu. Ningefanya nini? Nikajitanda khanga upya.

Nikamfuata mwenyekiti pembeni. Nikamuuliza, ulijua? Kashangaa yeye. "Si nilidhani unajua, mama! Nikaona unataka kukwepa kidogo, na gari lilitusaidia sisi. Nikasema tukulipe fadhila." Kwa hiyo lile tabasamu lilikuwa hilo. Wiki tatu nzima ananijua mwongo, na hanichukii hata kidogo. Nimeendesha kurudi sioni barabara.

Jumapili, 15 Juni

Sasa nakumbuka. Niliposhuka garini pale Mpuguso, mtu wa kamati alinyoosha mkono, nikauweka ufunguo. Kila mwenye gari hufanya hivyo. Msibani gari si lako. Niliutoa kama mtu anavyovua viatu mlangoni, na nani anakumbuka alivua viatu? Jioni ukarudishwa mapajani mwangu, sikumbuki na nani. Kesho yake nilifagia punje za sukari nyuma ya kirikuu. Niliziona kwa macho yangu. Nikazifagia.

Na Tumpe aliuliza. Swali lenyewe hasa, kwa adabu, amelowa mlangoni kwangu. Kumbe ndiyo maana Gwamaka aliweka nyundo chini.

Nimefungua kile kidroo cha mbele cha gari. Karatasi ipo. Imelowa, ikakauka, ikakunjamana. Shemeji aliitupia humo akaendelea na mambo ya msiba. Tarehe 6, saa nne na robo, namba yangu nzima, herufi kwa herufi. Binti hakukosea hata moja.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi ofisini na karatasi. Msimamizi kanikaribisha kwa woga, kadhani nina kesi nyingine. Nikamwambia nataka kulipinga pingamizi langu. Kacheka. "Mama, ulishinda. Unataka nini tena?"

Nataka kulipa. Haiwezekani: deni halipo, na pasipo deni mashine haitoi namba ya malipo. Basi Tumpe arudi. Haiwezekani: mkataba umeisha, nafasi ina mtu. Utaratibu wa kupinga faini wanao, tena wameubandika ukutani. Wa kurudisha ulichoshinda hawana. Nimeandika barua hata hivyo, nusu ukurasa, kila kitu. Kaigonga mhuri, kanipa nakala yangu bila mimi kuomba.

Nimepita kwa ustadhi kuhusu kile kiapo. Kasema aliyeapa akiamini ni kweli hana dhambi. Nilitaka anikaripie. Kanifariji, na nimetoka pale vibaya zaidi.

Jumatano, 18 Juni

Isongole. Baridi ya kukata masikio. Nimeuliza njia kwa waendesha bodaboda, wakanielekeza hadi shambani. Nyuma ya kirikuu nimepakia godoro la inchi kumi kwa ajili ya mgongo wa mama yake. Nilijiona nimefikiri.

Walikuwa wanachambua viazi, vya kuuza huku, vya mbegu huku. Mama yake kanipokea vizuri, kanisalimu mugonile, mugonile, kanisogezea kigoda, kaniletea maziwa. Hakujua mimi ni nani. Tumpe hakumwambia. Kamwambia mkataba umeisha, basi.

Nikasema yote. Ufunguo, msalaba, daftari la shukrani, karatasi. Nikampa karatasi aione. Hakuipokea, alishaijua. Nikasema nisamehe mwanangu. Aliendelea na viazi. Kisha kasema, bila hasira, "Mama, mwizi uliniita mbele ya foleni nzima. Samahani unaniletea shambani?"

Mama yake kanitazama upya, kutoka juu hadi chini. Kachukua kikombe cha maziwa, nusu nilikuwa sijamaliza, kaingia nacho ndani. Godoro Tumpe kasema nirudi nalo. Nimerudi nalo.

Jumatatu, 23 Juni

Nimekwenda kwenye foleni. Nikasimama pale pale barazani. Nikasema kwa sauti: mimi ndiye Mama Shani wa magodoro, mwezi uliopita hapa nilimwita binti mmoja mwizi, anaitwa Tumpe, hakuiba, aliandika kweli, mwongo nilikuwa mimi.

Watu wameangalia simu zao. Mmoja kauliza kama hii ndiyo foleni ya leseni. Mzee mmoja kasema pole mama, kadhani nina msiba. Hakuna hata mmoja niliyemkumbuka kutoka siku ile. Siku ile sikumwomba mtu anisikilize, wakasikia wote. Leo nimerudia mara mbili.

Nikamwambia na muuza parachichi. Yeye ana mdomo, atafikisha. Kasema, "Ah, Mama Shani, yameshapita hayo." Kanipa parachichi moja la bure, nikalirudisha.

Jumamosi, 28 Juni

Gwamaka kasema walikutana na Tumpe kanisani kwenye harusi. Nikamuuliza ameniulizia? Gwamaka hajui kudanganya. Kaendelea kupiga misumari.

Alhamisi, 3 Julai

Ukungu. Taa za magari zimewashwa asubuhi hii yote.

Nimeegesha barabara ya soko, mbele ya duka la nyuzi, mahali ambapo shemeji yake Gwamaka aliegesha. Nikakaa ndani kumsubiri yule kaka mrefu. Kaja na mashine yake. Kaandika teksi iliyo mbele yangu. Kaandika lori la nyuma yangu. Mimi kanipita.

Nikashusha kioo, nikamwita. Nikamwambia mwanangu, umenisahau. Karudi hatua mbili, kavua kofia. "Hapana, mama. Gari lako tumeambiwa tuliache." Kasema kwa heshima kubwa. Ananiogopa. Nikamwambia andika tu, nina hela hapa, ona. Kaangalia huku na huku, kasema ana mama anamtegemea, nimhurumie. Kaenda zake.

Magari yote ya barabara ile yana karatasi kwenye waipa. Langu halina. Nimekaa ndani mpaka saa sita, kisha nikaenda kufungua duka.